Wimbo Unaobeba Mizigo ya Wengine

Gari la matangazo likitoka Mbuyuni kuelekea Majengo, hapa Moshi, muziki hutangulia. Spika zimefungwa juu ya bodi, jenereta inanguruma nyuma, na wimbo unaovuma wiki hiyo umefunguliwa hadi mwisho. Ukifika kwenye kiitikio, mtangazaji anaushusha na kuingiza habari zake: duka la vifaa vya ujenzi limefungua tawi, mkutano wa injili unaanza Jumatano, magodoro yameshuka bei. Kisha anaupandisha tena. Watoto wanalifuata gari wakicheza. Mama muuza ndizi anaitikia huku akipanga mafungu yake. Aliyeutunga wimbo ule pengine yuko Tandale au Mwanza, anahangaika na kodi ya chumba, na hana habari kwamba asubuhi hii ameuza saruji chini ya Mlima Kilimanjaro.

Nimekuwa nikiyawaza sana maisha ya nyimbo za namna hiyo, zilizotungwa na mtu mmoja mwenye gitaa na jambo la moyoni, kisha zikaishia kuuza bidhaa ya mtu mwingine. Niseme mapema kwamba sioni aibu yoyote wimbo kufanya kazi. Nyimbo zetu zimefanya kazi tangu zamani. Mifongo iliyoshusha maji kutoka msituni hadi kwenye migomba ya Machame, Kibosho na Marangu ilichimbwa na kusafishwa kwa msaragambo, na watu hawakushika majembe midomo ikiwa imefungwa. NUTA Jazz ilipoundwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, wanamuziki wake walikuwa waajiriwa wenye mshahara wa kila mwezi, na walitunga nyimbo za kuhimiza kazi na siasa ya nchi kama walivyotunga za mapenzi. Baadhi ya nyimbo hizo bado zinapigwa kwenye vipindi vya zilipendwa, na mzee akizisikia anaacha anachofanya.

Mfano ninaoupenda kuliko yote unatoka Zaire ya wakati ule. Mwaka 1973 Franco Luambo Makiadi na TP OK Jazz walitoa "Azda", wimbo uliotungwa kusifu kampuni iliyokuwa ikiuza magari ya Volkswagen nchini mwao. Hakuna kilichofichwa: jina la kampuni ndilo jina la wimbo, na kiitikio kinarudiarudia herufi za gari lenyewe. Hata hivyo magitaa yanafumana kwa namna ambayo mtu hawezi kukaa. Huku kwetu wimbo huo umechezwa kwenye kumbi na harusi na watu ambao hawajui neno la Kilingala wala hawakuwahi kufikiria kununua gari. Franco alijua anamwimbia nani na kwa nini, jina lake liko juu ya santuri, na alitia humo ufundi wake wote. Siwezi kusikiliza "Azda" nikasema matangazo huua muziki.

Volkswagen hiyo hiyo inatokea tena kwenye kisa kingine. Nick Drake, mtunzi wa Kiingereza aliyeimba kwa sauti ya chini na gitaa lake, alifariki mwaka 1974 akiwa na umri wa miaka 26, rekodi zake zikiwa zimeuzwa kidogo mno. Mwaka 1999 Volkswagen ikatumia wimbo wake "Pink Moon" kwenye tangazo la televisheni huko Marekani, na ghafla watu wakaanza kumtafuta mtu aliyekwisha kufa robo karne nyuma. Katika miaka iliyofuata, nyimbo zilipoanza kupatikana bure kwenye intaneti na watu wakaacha kununua sidii, watunzi wa kujitegemea wasio na kampuni kubwa nyuma yao waliona mlango ni huo. Leslie Feist wa Kanada alikuwa akijulikana na wachache hadi Apple ilipoutumia wimbo "1234" kutangaza iPod mwaka 2007. Kizazi kilichotangulia kiliona kuimbia tangazo ni kujiuza. Hawa waliona ni namna ya kulipa kodi bila kuacha kutunga, na mimi siwezi kuwalaumu. Jambo moja tu linanisumbua kwenye kisa cha Feist: wimbo ule aliuandika pamoja na Sally Seltmann wa Australia, na wengi walioukariri hawajawahi kulisikia jina hilo.

Hapo ndipo ninapofika mlimani, maana tangazo kubwa kuliko yote linaloimbwa Tanzania liko kwenye mteremko wa Kilimanjaro, na tumelizoea kiasi kwamba hatulioni kuwa ni tangazo.

Makumi ya maelfu ya wageni hupanda Kilimanjaro kila mwaka. Nyuma ya kila mgeni kuna kundi: kiongozi na msaidizi wake, mpishi, na wagumu watatu au wanne. Wagumu ndio wapagazi, vijana wa Moshi, Marangu, Rombo, Hai na kwingineko, wanaobeba mahema, mitungi ya gesi, viti, vyakula na mabegi ya wageni. Msafara uliopanda kwa njia ya Machame hushukia Mweka, na asubuhi ya mwisho, kabla ya kuteremka, watu wote hujipanga mbele ya mahema. Kiongozi anamtambulisha mmoja mmoja: huyu ndiye mpishi wetu, huyu alikuwa anawahudumia mezani, hawa ni wagumu. Halafu mmoja anaanzisha. Mara nyingi ni kijana mwembamba aliyelelewa kwenye kwaya ya Kilutheri au ya Kikatoliki, anajua kuinua sauti bila kupiga kelele, na wenzake wanampokea kwa besi na tena kwa kupiga makofi. Beseni la kuoshea vyombo linageuka ngoma. Mmoja anavunja kiuno, wageni wenye midomo iliyobabuka kwa baridi wanacheka na kutoa simu. Wimbo ukiisha, bahasha ya tipu inakabidhiwa.

Wimbo huo ni "Jambo Bwana".

Uutazame kwa macho ya mfanyabiashara uone unafanya nini. Unamwambia mgeni kwamba amekaribishwa, kwamba nchi ni nzuri na hakuna shida. Unamkumbusha yeye na marafiki zake watakaoiona video kwamba wamepanda na watu wachangamfu. Unaipamba kampuni iliyomleta, ambayo kesho itaiweka video hiyo kwenye ukurasa wake ili kuvutia wengine. Na unafanya kazi moja nyeti zaidi: unawaombea tipu watu ambao heshima yao hairuhusu kuomba kwa mdomo. Nimewahi kusikia mgumu akisema kwamba kuimba ndiyo sehemu ngumu ya safari, kwa sababu mwili umechoka na bado uso unatakiwa ufurahi. Nilipomsikia niliyaelewa vizuri zaidi macho ya wale vijana kwenye video, yanayotazama mbali wakati mdomo unatabasamu.

Sasa, wimbo huu una mwenyewe. Uliandikwa na Teddy Kalanda Harrison wa Them Mushrooms, bendi ya pwani ya Kenya iliyoanzishwa na ndugu wa familia moja mwanzoni mwa miaka ya 1970. Walikuwa wakipiga kwenye hoteli za ufuoni Mombasa, wakiwatumbuiza watalii waliokuja na maneno machache ya Kiswahili waliyojifunza kwenye ndege. Kalanda aliyasikia maneno hayo ya salamu na kukaribishana akayatengenezea wimbo ambao mgeni angeweza kuuimba kabla chakula hakijafika mezani. Hiyo ni kazi ngumu. Watunzi wengi hodari wameshindwa kutunga kitu chepesi kiasi hicho kisichochosha. Rekodi ilitoka mwaka 1982 na ikauzwa nakala zaidi ya 200,000. Mwaka uliofuata Boney M, kundi lililokuwa na makao yake Ujerumani Magharibi, lilitoa toleo lake, na wimbo ukaenda hadi kwenye majumba ya disko ambako hakuna aliyejua Mombasa iko wapi.

Kutoka hapo ukapanda mlima. Pale ambapo Kalanda aliisifu Kenya, wagumu wakaweka Kilimanjaro. Wakaongeza mashauri ya njiani: maji, mwendo wa taratibu, kurudi salama. Sina ugomvi nao hata kidogo. Walifanya kile ambacho waimbaji wa ngoma wamefanya siku zote, kuuchukua wimbo wa jirani na kuupa mji wao, na walifanya kwa ustadi. Wakati wenyewe wanalipwa kidogo, na tipu ndiyo inayopeleka ada ya shule, sitamwambia kijana wa Kilema aache kuimba hadi apate kibali kutoka Nairobi.

Ninachokiona ni kingine. Ukiwauliza wageni, na hata viongozi wengi, wimbo huu ni wa nani, watakujibu kwamba ni wimbo wa asili. Jibu hilo linatolewa kwa upendo, kama sifa. Lakini ndilo jibu linalomfuta mtunzi, kwa sababu kitu cha asili ni cha kila mtu, na cha kila mtu kinaweza kubebwa na yeyote mwenye mkono mrefu. Ukivuka mpaka wa Holili ukaingia Taveta, unakuwa kwenye kaunti alikotoka Fadhili William, aliyerekodi "Malaika" na Jambo Boys kule Nairobi. Wimbo huo nao ulizunguka dunia, kuanzia kwa Miriam Makeba hadi kwa Boney M hao hao, huku ubishi ukiendelea kama ulitungwa na Fadhili, au na Mtanzania Adam Salim, au na Grant Charo. Fadhili aliaga dunia mwaka 2001 na ubishi haukwisha. Watu hubishana hivyo kwa miaka kwa sababu siku wimbo ulipozaliwa hakuna aliyeona haja ya kuandika vizuri nani ni mzazi.

Nikisimama kwenye lango la Machame asubuhi, mahali ninapotazama zaidi ni kwenye mzani. Umening'inizwa kwenye boriti, na mbele yake wagumu wamepanga foleni, kila mmoja na kiroba chake kilichofungwa kwa kamba. Mzigo unatundikwa kwenye ndoano, mshale unacheza kidogo kabla ya kutulia, anayepima anasoma. Ukizidi kilo 20 unafunguliwa papo hapo: mkebe wa mafuta unatolewa, pakiti za tambi zinahamishiwa kwa mwingine, wakati mwingine inabidi aitwe mgumu wa ziada. Wapo wanaojaribu kuficha begi dogo nyuma ya kibanda ili walichukue wakishapita. Mzani huo haukushuka kutoka mbinguni. Ulikuja kwa sababu vijana walikuwa wakibebeshwa mizigo ya kuvunja migongo, wakilala na nguo nyepesi kwenye baridi ya kambi ya Barafu, na wengine hawakurudi. Watu walipiga kelele, mashirika ya kuwatetea wapagazi yakaundwa, hifadhi ikaweka kanuni.

Nikiutazama mzani ule, nafikiri juu ya wimbo. Wimbo nao ni mgumu. Tunautwika saruji, bia, siasa, kamari, vocha za simu, na kwa kuwa haulalamiki tunadhani mgongo wake hauna mwisho. Wala hakuna anayesimama langoni kuuliza: hiki ulichotwikwa ulikikubali? Unalipwa? Na jina lako limeandikwa kwenye orodha ya msafara?

Kuna mzigo mwingine usioonekana haraka, nao ni maneno yanayotolewa ili bidhaa ipate nafasi. Keinan Abdi Warsame, anayejulikana kama K'naan, alizaliwa Mogadishu mwaka 1978 kwenye familia ya washairi na waimbaji. Magool, mwimbaji mashuhuri wa Kisomali, alikuwa shangazi yake. Vita vilipopamba moto mwaka 1991 familia ilikimbia, ikapitia New York na hatimaye ikaweka makao Toronto. Kwenye albamu yake Troubadour ya mwaka 2009 aliweka wimbo "Wavin' Flag". Wimbo ulivyotungwa mwanzo unazungumza na watu waliochoka: njaa, vita, ahadi zilizovunjwa, na tumaini la siku ambayo watakuwa na nguvu. Coca-Cola iliuchagua uwe wimbo wake wa Kombe la Dunia la 2010 Afrika Kusini. Toleo lililotengenezwa kwa ajili hiyo likabakiza kiitikio na bendera, na kwenye nafasi ya vita na njaa wakaingia wachezaji, viwanja na shangwe.

Naikumbuka Moshi ya mwezi ule wa Juni. Hapa mjini kuna Bonite, kiwanda kinachojaza Coca-Cola na maji ya chupa yanayobeba jina la Kilimanjaro, na wimbo ulikuwa kila mahali: kwenye grosari, kwenye Haisi za Marangu, kwenye simu za wanafunzi. Tuliupenda kwa haki. Ilikuwa mara ya kwanza Kombe la Dunia kuchezwa katika bara letu, na sauti iliyolifungua masikioni mwa dunia ilikuwa ya mtoto wa Afrika Mashariki. Lakini wakati huo huo Wasomali walikuwa wakivuka mpaka wa Kenya kuingia kambi ya wakimbizi ya Dadaab wakiwa na watoto mgongoni, na aya zilizowahusu ndizo zilizotolewa. Mwaka 2012 K'naan aliandika katika gazeti la New York Times jinsi alivyojikuta akipunguza maneno yake mwenyewe ili apendwe na soko la Marekani, na jinsi alivyohisi kuwa sauti yake ilikuwa ikimtoka. Nilisoma maandishi yale kwa uchungu. Alilipwa, alitajwa, alikubali kwa hiari. Mzani wa kawaida ungesema mzigo uko sawa. Na bado kuna kitu kilizidi.

Kwa hiyo najiuliza, binti anayetunga nyimbo zake leo kwenye chumba cha kupanga Pasua au Rau, anayesoma Chuo Kikuu cha Ushirika mchana na kupiga gitaa usiku, afanye nini tangazo likimfikia?

Studio ndogo za mjini hapa nazijua: trei za mayai ukutani, blanketi mlangoni, feni imezimwa ili isiingie kwenye maiki. Anarekodi kwa mkopo kwa sababu hana fedha zote. Wimbo unapata masikio kidogo kwenye WhatsApp na kwenye redio za mkoa. Siku moja mwenye biashara anapiga simu.

"Mdogo wangu, huo wimbo wako tuuweke kwenye tangazo. Mkoa mzima watakusikia. Hiyo si promo?"

"Nashukuru kaka. Ila promo hailipi studio."

Mazungumzo haya, kwa maneno haya au yanayofanana nayo, hufanyika kila siku, na mara nyingi huishia na binti kukubali bure kwa kuogopa kuonekana anaringa. Laiti angejua kwamba katika wimbo mmoja kuna mali mbili. Ipo ya utunzi, yaani maneno na sauti alivyoviunda, ambayo ni yake hata kama ameuimba jikoni tu. Na ipo ya rekodi, ile sauti iliyonaswa studio, ambayo mara nyingi prodyuza anaishika kwa sababu ndiye aliyeitengeneza kwa mkopo. Anayetaka kuweka wimbo kwenye tangazo anahitaji idhini za pande zote mbili. Prodyuza akiuza rekodi peke yake, hajauza utunzi. Na idhini yenyewe ina mipaka inayopangwa: kwa muda gani, kwa redio tu au na televisheni na mitandaoni, kwa mkoa mmoja au nchi nzima, na kama mwimbaji anazuiwa kuimbia biashara nyingine ya aina hiyo. Tangazo la miezi mitatu kwenye redio moja na tangazo la kudumu Afrika Mashariki yote haziwezi kuwa na bei moja, ingawa mwenye biashara atazungumza kana kwamba ni kitu kimoja.

Sheria ipo. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda mtunzi katika uhai wake na miaka 50 baada ya kifo chake, na inampa pia haki ambayo haiuzwi kwa shilingi: kutambuliwa kuwa ndiye mtunzi, na kupinga kazi yake isipotoshwe kwa namna ya kumvunjia heshima. COSOTA, taasisi ya hakimiliki iliyozaliwa na sheria hiyo, ndiko anakoweza kusajili kazi zake. Wengi huku mikoani wanaona hiyo ni safari ya Dar es Salaam isiyo na faida, nami nawaelewa. Lakini kuna jambo lililobadilisha mazungumzo. Mwaka 2016 Mahakama ya Wilaya ya Ilala iliamuru kampuni ya simu iwalipe Ambwene Yesaya na Hamis Mwinjuma, tunaowaita AY na MwanaFA, zaidi ya shilingi bilioni mbili kwa kutumia nyimbo zao kama miito ya simu bila ridhaa yao. Kampuni ilikata rufaa na mvutano ukaendelea, lakini hesabu ile ilishasikika kwenye kila studio nchini. Kabla ya hapo msanii aliyedai fedha za wimbo alionekana msumbufu. Mwaka 2023 MwanaFA aliteuliwa kuwa Naibu Waziri wa Utamaduni, Sanaa na Michezo, akawa sehemu ya wizara yenye dhamana na mambo hayo hayo.

Fedha na jina ni nusu ya suala. Nusu ya pili ni kukataa, na hii naiona kuwa ngumu zaidi kwa mtu mwenye njaa. Tom Waits wa Marekani alikuwa ameapa kutoimbia tangazo lolote. Kampuni ya vitafunwa Frito-Lay ilipotaka wimbo unaofanana na wake mwaka 1988, matangazo yakatengenezwa na mwimbaji mwingine aliyeiga ile sauti yake ya kukwaruza. Waits akaenda mahakamani na baraza la mahakama likampa zaidi ya dola milioni mbili. Yeye alikuwa tayari na jina. Binti wetu wa Pasua hana. Lakini naye anaishi mahali ambapo bidhaa zina sura. Hapa Uchagani hatuhitaji kusimuliwa pombe kali imefanya nini kwenye nyumba zetu; viroba vilipopigwa marufuku Machi 2017 kuna akina mama walioshukuru kwa sauti. Sasa redio imejaa kamari, vijana wanabandika mikeka yao ya mechi kabla hawajanywa chai, na matangazo yake yanatafuta nyimbo tamu kuliko zote kwa sababu yana fedha kuliko yote. Wimbo uliotungwa kumliwaza mtu aliyepoteza kazi ukiwekwa kwenye tangazo la kumwambia aweke elfu moja yake ya mwisho, umegeuzwa umpige yule yule uliyetungwa kumshika mkono. Mtunzi akikataa hapo sioni kama anaringa. Analinda kitu ambacho msikilizaji alimkabidhi. Natamani tungekuwa na desturi ya kumpongeza anayekataa kama tunavyompongeza anayenunua gari.

Akikubali, na akubali kwa nguvu kama Franco. Aandike wimbo wa kahawa ya mlimani utakaowafanya watu wa Kahama waicheze bila kujua wanaitangaza kahawa. Vyama vya ushirika vya wakulima wa Kilimanjaro vimeuza buni yetu kwa karibu karne moja, tangu KNPA ya 1925 na KNCU ya 1933, na sikumbuki wimbo hata mmoja wa kutangaza kahawa hiyo ambao mtoto wa Moshi anaweza kuuanzisha. Hiyo ni kazi inayomsubiri mtu mwenye gitaa, na inastahili kulipwa vizuri.

Na kwa wale walioko mlimani ninalo ombi moja dogo, nalielekeza kwa viongozi wa misafara, ambao wengi wao ni watu ninaowaheshimu sana. Asubuhi ile ya Mweka, mnapomtambulisha mpishi na mhudumu wa meza na wagumu mmoja mmoja kwa majina yao, ongezeni jina moja kabla ya kuanza kuimba. Semeni wimbo tunaouimba uliandikwa na Teddy Kalanda Harrison wa Them Mushrooms, kutoka pwani ya Kenya, nasi tumeuongezea mlima wetu. Haitachukua hata nusu dakika, na haitapunguza tipu. Nadhani mgeni atawaheshimu zaidi kwa kujua kwamba mnajua mnachokiimba. Wageni wale wana simu mkononi. Wakifika hotelini Moshi, kwenye intaneti, wataliandika jina hilo, watalipata toleo la mwaka 1982 lenye magitaa ya Mombasa, na watalisikiliza kutoka kwa wenyewe.